Siku Ambazo Kopo Halikusomwa

Mwaka 1951, nikiwa na miaka kumi na minane, mwiba wa mkonge uliniingia jicho la kushoto, na shida zangu zikaanza siku hiyo. Jani la mkonge lina ncha kama sindano ya kushonea magunia. Unainama kukata jani la chini, kumbe la juu linakusubiri. Wenzangu wengi walichomwa shavuni wakacheka wakaendelea. Mimi lilinipata penyewe. Hospitali walifanya walichoweza, wakanirudisha kambini na kitambaa usoni, na mnyapara akaniambia wazi kwamba mkataji wa jicho moja ni hatari kwa wenzake. Baba yangu, aliyekuja Kilosa kutoka Ungoni kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa amerudi kwao. Na nyumba ya kambi ni ya mfanyakazi. Usipofanya kazi, unatoka.

Nawaandikia haya ninyi wajukuu zangu na wenzenu mnaokaa barazani kwangu na simu mkononi, mkibishana kama mvua ya zamani ilikuwa nyingi kuliko ya sasa. Mnabishana vibaya. Mmoja anasema zamani mvua ilikuwa mvua kweli, mwingine anasema mbona mwaka juzi ilinyesha mpaka kuku wakalala darini. Nyote mnataja mnachokumbuka, na mtu hukumbuka mvua iliyomlowesha. Shule yangu mimi ni madarasa mawili ya misheni. Lakini nimepima mvua maisha yangu yote ya kazi, na sioni haya kusema kwamba kwenye jambo hili mtanisikiliza mimi.

Aliyeniokoa nisitupwe nje ya kambi alikuwa Mzee Athumani, mpima mvua wa shamba letu. Alikuwa Msagara wa hapa hapa, mrefu, mwembamba, mguu mmoja umevimba tangu gogo la kinu cha mkonge lilipomwangukia. Alikuwa mkataji kabla yangu, naye akapewa kazi nyepesi kwa sababu ya kuumia. Kambi nzima ilimwita Bwana Kopo. Alikwenda kwa meneja akaomba msaidizi, akanitaja mimi. Wakamwambia yule ana jicho moja.

Nilipokwenda kumshukuru nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana alikuwa anafuta glasi yake ya kupimia.

"Glasi hii husomwa kwa jicho moja," akasema. "Wenye mawili hulazimika kufumba lingine. Wewe umekuja tayari."

Nilikuwa sijacheka tangu nitoke hospitali.

Kopo lenyewe lilikuwa jambo dogo kulitazama. Silinda ya shaba iliyofukiwa nusu ardhini, juu yake faneli, ndani yake chupa. Mvua inaingia kwenye faneli, inatiririka ndani ya chupa. Ikizidi chupa, inamwagikia ndani ya silinda, haipotei mpaka silinda nayo ijae. Saa tatu asubuhi, kila siku ya Mungu, unatoa chupa, unamimina kwenye glasi, unasoma. Enzi za Mwingereza tulisoma kwa inchi, na inchi moja tuliigawa pointi mia. Maji ndani ya glasi hupanda kidogo ukutani, katikati yakabonyea kama kitanda cha kamba. Soma pale palipobonyea. Piga goti, jicho liwe sawa na maji. Ukisoma umesimama unaipunguzia mbingu riziki yake, ndivyo alivyosema mzee.

Kopo lilikuwa ng'ambo ya korongo, kwenye uwanja wa kitalu cha miche ya mkonge, mbali na miti na mapaa. Kambi zetu zilikuwa huku. Katikati palikuwa na daraja la magogo mawili. Shikeni hilo kichwani, linawahusu.

Sasa kuhusu wastani, neno mnalolipenda nyote na redio zenu. Wastani ni kuwagawia ugali sawa watu ambao hawakula sawa. Chukueni mfano wa kufundishia tu, si wa mwaka wowote: Aprili tano zilinyesha inchi tatu, nne, tatu, nne, na kumi na sita. Jumlisheni, gawanyeni kwa tano, mnapata sita. Haya, nionyesheni Aprili iliyonyesha inchi sita. Hakuna hata moja. Nne zilikuwa kavu kidogo, moja ilibeba mabanda ya kuku. Sasa zipangeni kuanzia ndogo mpaka kubwa, mtazame ile iliyosimama katikati: nne. Hiyo ya katikati inakwambia mwaka wa kawaida ulivyo. Wastani unakwambia ghala lijazwe kiasi gani. Na ile ya juu kabisa na ya chini kabisa, ambazo watu huzisahau, ndizo zinazokwambia utalala wapi. Mtu akikutajia wastani tu, mwulize: na ya juu kabisa je?

Na msiniletee miaka mitano mkaiita tabia ya nchi. Miaka mitano ni hali ya hewa imekaa kitako kupumzika. Watu wa kazi hii hutaka miaka thelathini, kopo lile lile, pahali pale pale, saa ile ile. Ukilihamishia kopo chini ya mwembe katikati ya miaka, hujapima mvua tena, unapima majani ya mwembe.

Hayo yote nilijifunza kwa Mzee Athumani, ila hilo la ya juu kabisa. Hilo tulijifunza pamoja, na lilituuma.

Kwanza niwaeleze kipande, maana bila kipande hamtaelewa. Kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye visanduku thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, mnyapara anatia alama kwenye kisanduku. Usipokwenda kazini, hakitiwi kitu. Hakuna anayeandika kwamba hukuja. Siku hiyo ni kama haikuzaliwa. Visanduku vyote vikijaa ndipo mwezi wako umekwisha, ndipo unalipwa. Mwenye homa mwezi wake ulikuwa mrefu kama mimba. Na kutiwa alama ya siku ambayo hukufanya kazi ulikuwa wizi. Watu walifukuzwa kwa hilo, na watu waungwana walilichukia kama wanavyochukia kula kiporo cha mgonjwa.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa kipande mpaka kwenye mifupa. Walimu wake wa hesabu walikuwa mnyapara na kisanduku. Alipopewa kopo mara ya kwanza, kabla sijamjua, aliipimia mvua kwa kipande: alihesabu siku thelathini za kusoma ndipo akafunga mwezi. Siku ambazo hakusoma hazikuhesabiwa. Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza Aprili iliisha katikati ya Mei. Karani wa ofisini akamwita, wakakaa na kalenda, wakaelewana. Mwenyewe alinisimulia akicheka mpaka akashika mbavu. "Niliwaongezea Waislamu Ramadhani," akasema. Lakini kisanduku cha siku isiyosomwa kilibaki kitupu. Hakuna aliyemwuliza, na karani alijumlisha alichoandikiwa, kama karani yeyote.

Mimi nilikaa naye miaka kadhaa, kisha nikapelekwa Mikumi. Msifikirie Mikumi ya leo yenye mahoteli na malori. Wakati huo kambi ya barabara ilikuwa mahema machache na wanyama wengi kuliko watu. Walitaka kopo huko, nami nikaenda na jicho langu. Kilosa ikilowa, Mikumi vumbi. Siku nyingine ilikuwa kinyume chake. Msichanganye makopo ya pahali pawili mkatoa wastani, mkamwambia mtu wa Mikumi kwamba kwake kumenyesha. Atawatazama, atatazama mahindi yake, hatawajibu.

Huko kulikuwa na mpishi mmoja Mngoni mwenzangu, Daudi, mtu mpole wa kupindukia. Ulikuja mwezi mkavu, kila asubuhi napiga goti naandika sifuri. Naandika sifuri, angalieni. Sifuri ni habari. Inasema nilikuja, nikatazama, hapakuwa na kitu. Sasa asubuhi moja, anga jeupe, nakuta maji ndani ya chupa. Mengi. Nikatazama udongo, mkavu. Nikatazama turubai la hema, kavu. Nikanusa maji: majani ya chai.

Nikamwendea Daudi jikoni. Akasema aliniona kila siku natoka pale na uso wa msiba, akadhani nakatwa mshahara kwa sifuri.

"Nikasema ndugu yangu leo apate japo kidogo," akaniambia. "Sukari sikutia."

Nikaandika sifuri, na pembeni nikaandika kilichotokea. Nawafundisha hivi: namba ikikaa peke yake mbali na wenzake, usiitupe na usiikumbatie. Nenda kaitazame miguu. Ina vumbi au ina matope? Namba nyingine kubwa ni chai ya mtu mwenye huruma. Nyingine ni mvua kweli, na hiyo ukiitupa, inarudi yenyewe kukutafuta.

Niliporudishwa Kilosa nilimkuta mzee amechoka. Mguu ulikuwa umegeuka kama mti wa mbuyu mchanga, daraja la magogo alilivuka kwa makalio. Meneja alimwambia kwa heshima kwamba masika yakiisha apumzike, kopo nikabidhiwe mimi. Apumzike maana yake atoke kambini. Yeye na mkewe, Bi Mwajuma, walikuwa wameishi katika chumba kile cha kambi tangu ndoa yao. Watoto wao walikuwa reli, Tabora, mbali.

Palikuwa na pahali pawili pa kwenda. Jumbe alimpa kiwanja cha bondeni, korongo linapoingia mto Mkondoa: udongo mweusi unaoshika mguu, mihogo inapasua ardhi, mji uko karibu, na kwa mguu ule karibu ni karibu. Pengine palikuwa kwa kaka zake Bi Mwajuma, nyuma ya kijiji chetu kiitwacho Ulaya, mlimani. Mawe, mwendo mrefu, mahindi mafupi.

Mzee alitaka bondeni. Bi Mwajuma hakutaka. Nilikula kwao, kwa hiyo nililila na gomvi lao pamoja na ugali. Bi Mwajuma alisema bibi yake alisimulia maji yaliyofika pale, na kwamba maji ya mto ule hayazaliwi hapa, yanatoka juu huko ambako hakuna kopo la mtu. Mzee alijibu kwamba bibi hakuwa na glasi. Yeye miaka yote amepima Aprili ya bonde hili, anaujua wastani wake kama anavyoijua sahani yake, na kwa mvua ile korongo haliwezi kupanda likafika kiwanjani. Akashika kijiti akaandika chini kwenye vumbi la jikoni, akagawanya, akapata. Ilikuwa hesabu safi. Nami niliiamini, maana ni yeye aliyenifundisha.

Bi Mwajuma akafagia hesabu ile na ufagio wa chelewa.

"Kama wastani wako unajua kuogelea," akasema, "ukajenge nao. Mimi nitakuja kuwatazama Ijumaa."

Lakini mnajua mke wa enzi zile. Mume akijenga, angekwenda. Ndivyo mambo yalivyosimama: wazee wawili, kiwanja kimoja chenye rutuba, na nguzo za nyumba tayari zimekatwa, zimeegemezwa ukutani kambini zikingoja kiangazi.

Masika yakaingia. Mzee hakuweza tena kuvuka, nilisoma peke yangu. Siku za mwanzo hapakuwa na taabu. Kisha ikaja mvua ile ambayo watu hawasemezani kwa sababu hawasikilizani. Asubuhi nilipofika korongoni sikuona daraja. Magogo yalikuwa chini ya maji mekundu yanayokwenda mbio. Nikarudi. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa yake.

Maji yalipopungua nilivuka. Chupa imejaa. Silinda imejaa mpaka mdomoni, maana yake nyingine ilishamwagika nje, ni Mungu tu anayeijua. Nikasimama pale sijui niandike nini na katika siku ipi. Nikafunika, nikarudi kumwuliza mwalimu wangu.

Alikuwa kitandani mguu juu ya gunia. Nikamweleza. Hakufikiri hata kidogo.

"Mwaga," akasema. "Siku hizo hukwenda. Kesho anza upya."

Nikamwuliza kama ndivyo afanyavyo siku zote.

"Siku zote. Niandike mvua ya siku ambayo sikufanya kazi? Mimi si mwizi, Kastuli."

Nilitoka nikakaa kwenye kizingiti chao. Bi Mwajuma alikuwa anachambua mchele, akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Nilikuwa nahesabu kwa vidole siku alizokosa mzee.

Maana tazameni. Mzee Athumani alikosa kusoma siku zipi? Homa zilikuwa chache. Siku alizokosa ni siku ambazo daraja lilikuwa chini ya maji. Yaani siku za mvua kubwa kuliko zote ndizo siku asizovuka, na ndizo alizozimwaga, kwa uaminifu, miaka yote. Zikabaki visanduku vitupu, na ofisini kisanduku kitupu kilijumlishwa kama sifuri. Kila Aprili mbaya iliingia kwenye hesabu yake ikiwa imekatwa kichwa. Wastani wake ulikuwa wastani wa mvua zinazomruhusu mtu kuvuka korongo. Na kwa wastani huo ndio alikuwa anakwenda kumlaza Bi Mwajuma kando ya mto.

Pengo la namba lina tabia, wanangu. Mkiona siku hazikuandikwa, msiulize tu ni ngapi. Ulizeni kwa nini. Zikipotea ovyo ovyo, huyu homa, yule harusi, huenda hazina madhara makubwa. Zikipotea kwa sababu ile ile mnayoipima, basi namba zilizobaki zinasema uongo hata kama kila moja ni kweli.

Sasa nendeni mkamwambie hayo mzee aliyewaokota. Mimi nilichukua siku nzima. Jioni nilirudi, nikamwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, si kwenye kigoda, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, taratibu sana, kama nimekuja kumwambia kwamba ameandika uongo maisha yake yote.

"Hujaandika uongo, mzee," nikasema. "Umeandika ukweli wa siku ulizofika."

Akageukia ukutani. Bi Mwajuma alinitolea macho niondoke, nikaondoka, na siku kadhaa sikula kwao. Mjue kambini habari husafiri. Watu wa brashi, wanaosugua nyuzi za mkonge, walianza kunitania: mwenye chongo kamfukuza mwenye kopo. Nilikuwa na jibu la matusi kwa kila mmoja, lakini nililiweka.

Aliyevunja kimya ni mzee mwenyewe. Alinitumia mtu, niende na debe. Nikakuta amekaa nje, mguu juu ya gogo, uso mgumu.

"Maneno yako ni maneno," akasema. "Mimi sijengi kwa maneno na sihami kwa maneno. Tutapima."

Akaniagiza niweke debe la mafuta ya taa upande huu wa korongo, kwenye uwanja wa wazi nyuma ya kambi, lililonyooka pande zote, likazungushiwe miiba. Debe lenye kuta zilizonyooka halina haja ya glasi: unatumbukiza rula mpaka chini, maji yakifika inchi mbili, zimenyesha inchi mbili. Rula tuliazima kwa karani. Lakini mzee hakuliamini debe kienyeji. Kwanza, siku ambazo daraja linapitika, nilisoma kopo na debe, vyote viwili, nikamletea. Siku ya kwanza debe lilipungua kidogo, siku ya pili likazidi kidogo, kisha vikawa vinakwenda pamoja kama ng'ombe wa kukokota. Ndipo akasema haya, sasa debe limekula kiapo.

Mvua kubwa ya pili ilikuja mwishoni mwa Aprili. Korongo likafunga. Kila asubuhi, saa tatu, Bi Mwajuma alimshika mkono wa huku, mimi wa huku, tukamfikisha kwenye debe, akapiga goti kwenye matope na mguu ule, akasoma mwenyewe. Hakuniachia. Asubuhi ya kwanza akasoma, akafuta rula kwa kanzu, akasoma tena. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alikaa pale pale kwenye matope, mvua inamnyeshea, akawa anazungumza peke yake Kisagara. Mimi sikielewi vizuri. Bi Mwajuma akaniambia anataja miaka. Anataja kila mwaka aliosimama ng'ambo hii akashindwa kuvuka.

Siku tatu zile zilizidi mwezi mzima wa Aprili aliouita wa kawaida.

Tulipomrudisha ndani, Bi Mwajuma alimvua nguo zilizolowa, akamfunika kwa shuka, akamletea uji. Sikusikia neno la kumcheka, wala la nilikwambia. Alimwambia tu kwamba uji una moto, anywe taratibu. Mzee akashika bakuli kwa mikono miwili.

"Mwajuma," akasema, "kaka zako bado wana lile shamba la mawe?"

"Mawe hayaibiwi," akajibu. "Lipo."

Baadaye mzee aliniita nikachukue kalamu. Aliniambia kuanzia siku ile, siku isiyosomwa isiachwe tupu wala isitiwe sifuri. Iandikwe: haikusomwa. Na pembeni iandikwe sababu: maji. Na maji yanayokutwa yamekusanyika yasimwagwe, yaandikwe kwamba ni ya siku hizi mpaka hizi. Kisha akanipeleka, namaanisha nilimbeba mgongoni, mpaka ofisini kwa karani, akamweleza mwenyewe mbele yangu jinsi alivyokuwa akifanya na kwa nini. Karani alikuwa mtu mzuri. Alimpa kiti, wakapitia pamoja miezi ya nyuma wakitia alama pale mzee alipokumbuka kwamba daraja lilizama. Namba za siku zile hazikurudi, zilishamwagwa. Lakini walau pengo lilipata jina. Mkipewa namba za zamani, shukuruni mtu aliyewaachia jina la pengo.

Kiangazi nguzo zilibebwa na gari la ng'ombe mpaka nyuma ya Ulaya. Mimi nilikwenda kusaidia kujenga. Tulipomaliza paa, Bi Mwajuma akamwambia mumewe kwamba huyu naye hana kwao, na kaka zake wakasikia. Hawakuniuliza dini wala kabila. Mzee akachechemea mpaka mwisho wa shamba, akachomeka jiwe refu, akasema kuanzia hapa mpaka kwenye mti ule ni pangu, nikichoka kusoma nije.

Mto haukuja mwaka ule. Wala uliofuata. Kiwanja cha bondeni alipewa mtu mmoja aliyeacha kazi reli, akavuna mihogo mpaka watu wakamwonea wivu, na wakimwona Mzee Athumani sokoni Ulaya na vimahindi vyake walimwuliza kama kopo limemletea njaa. Aliwajibu kwamba hakusema mto utakuja. Alisema tu hajui tena kwamba hautakuja, na mtu asiyejua hamlazi mkewe pale. Walicheka. Alicheka nao. Alifia mlimani kitandani kwake, ameshikwa mkono.

Mto ulikuja baada ya hapo. Yule wa reli na wanawe walipanda kwenye tuta la reli wakaokoka wote, nyumba haikuonekana tena. Watu wakaanza kusema Mzee Athumani alikuwa na maono. Nilikasirika, na nikisikia mtu anasema hivyo mpaka leo nakasirika. Hakuwa na maono. Alikuwa na debe, rula, na moyo wa kusoma upya kitu alichokwisha kukijua. Hata kama mto usingekuja mpaka leo, alikuwa amehesabu sawa.

Msiniambie basi mwaka huu imenyesha nyingi. Niambieni imezidi au imepungua kwa kiasi gani kuliko kawaida ya mwezi huu huu, kwa miaka mingapi, kwenye kopo la wapi, na siku zipi hazikusomwa. Mkiweza kujibu hayo manne, nitanyamaza niwasikilize.

Mimi leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati. Nina ekari tatu za mawe na moja isiyo na mawe. Mbuzi tisa, na beberu wa jirani ambaye hatoki. Baiskeli, redio, jicho moja. Wajukuu ambao hawanyamazi. Na juu kidogo ya nyumba nina makaburi mawili, la Mzee Athumani na la Bi Mwajuma, ambayo watoto wao wa Tabora walinikabidhi. Nayapalilia kila baada ya masika. Udongo wake ni mkavu.